Joto la Radi ya Hanang

Katesh

Jumatatu, 14 Novemba 1960

Maji ya kuchanganyia dawa ya picha yamekuwa baridi tena. Nimebandika sufuria jikoni, nikachanganya kidogo kidogo mpaka kipimajoto kikakubali. Picha za leo: bwana harusi wa Dongobesh, mtoto wa karani wa mnada, wazee wawili wa Kibarbaig waliokataa kukaa kwenye kiti. Wamesimama. Wametoka vizuri kuliko wote.

Mchana wingu likakaa juu ya mlima Hanang. Nikafunga dirisha la upande ule. Mume wangu Hamisi aliuawa na radi masika iliyopita, njia ya Basotu, akirudi na baiskeli na kamera yake. Tangu siku hiyo siutazami Hanang ukiwa na wingu. Mama mkwe haniulizi. Yeye hufunika kioo kwa kanga.

Shemeji Athumani kapita. Kauliza tena nitafunga studio lini. Anasema mjane na chumba cha giza cha kusafishia filamu haviendi pamoja. Nimempa chai. Ni ndugu wa mume wangu na simchukii, lakini studio hii Hamisi alinifundisha mimi, hakumfundisha yeye.

Jumatano, 16 Novemba

Mgeni. Mmbulu wa Tlawi, anaitwa Tluway, mwalimu wa fizikia. Kasoma Kampala, kisha ng'ambo. Mrefu, viatu vimejaa matope. Kampa Mama mkwe shikamoo kabla hata hajanitazama mimi. Nikampenda kwa hilo.

Kaniuliza kama chumba changu cha giza kina upenyo wowote wa mwanga. Nikadhani ana filamu za harusi. Kumbe anataka nimsafishie picha za radi.

Nimemwambia hapana. Sikumweleza sababu. Kashukuru, kaondoka.

Ijumaa, 18 Novemba

Mama ndiye aliyemwita arudi. Hakuniambia. Nimetoka chumbani nikamkuta Mwalimu kakaa mkekani, kikombe mkononi, na Mama anamhoji kama hakimu.

Unaitakia nini radi?

Kasema anataka kujua ina joto kiasi gani.

"Utaigusaje, baba?"

"Siigusi, Mama. Naisoma nuru yake."

Kamweleza kwa chuma cha mhunzi. Kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena huwa cheupe. Mhunzi anajua joto lake akiwa mbali nacho. Radi nayo ina rangi zake, ila zimechanganyika. Kwa hiyo mbele ya kamera ameweka kioo chenye mikwaruzo myembamba isiyoonekana kwa macho. Kioo hicho huchambua nuru, kama matone ya mvua yanavyofanya upinde. Radi ikipiga, kwenye filamu inatokea yenyewe, na pembeni yake inatokea mistari. Kila hewa ina mistari yake. Iko mistari ambayo haitoki mpaka joto liwe kali mno. Ukilinganisha mng'ao wa huu na wa ule, unaweza kupiga hesabu ya joto. Duniani wanaojaribu ni wachache. Huku hakuna.

Mama kampokea Mwalimu kikombe. Kisha kanigeukia.

"Zena, ndiyo iliyomchukua mwanangu. Nataka kuijua."

Nimekubali kwa ajili yake. Nimekasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 20 Novemba

Kazi ya kwanza. Filamu zake zinashika rangi zote, hata nyekundu, kwa hiyo taa yangu nyekundu haifai. Giza tupu. Filamu inakaa kwenye kisanduku chembamba cha chuma, na kukifungua gizani anajua yeye tu. Maana yake lazima awe ndani na mimi.

Nimesimama mlangoni na funguo. Yeye katazama chini. Tulikuwa tunawaza jambo moja, na kila mmoja anangoja mwenzake aliseme.

Mama kachukua kigoda chake, kaingia, kakaa kati ya beseni na ukuta. "Fungeni mlango," kasema.

Saa ya Hamisi ina namba zinazong'aa, ingeharibu filamu. Nikaiacha nje. Tumehesabu muda kwa tasbihi ya Mama. Anataja Subhanallah kwa mwendo usiobadilika, mimi naitikisa filamu kwenye dawa. Mwalimu kalinganisha mwendo wake na saa tulipotoka. Kasema ng'ambo hakupata msaidizi kama huyu. Mama kajifanya hakusikia.

Filamu ilikuwa tupu. Mlima tu, hakuna radi.

Alhamisi, 24 Novemba

Tupu tena. Radi ilipiga nyuma ya mlima.

Mwalimu amefunga mtambo wake, kamera na kile kioo, kwenye ghala bovu la mahindi, kilimani, upande wa njia ya Basotu. Jioni ikiingia anafungua kamera kuelekea mlimani anangoja. Muda ukipita bila radi, anafunga, anaanza upya. Gidamis, mfugaji mwenye boma karibu na pale, anamsaidia kubeba. Ni Gidamis huyu aliyemleta Hamisi nyumbani siku ile, kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Sikujua wanafahamiana. Habari hiyo imenikaa kifuani siku nzima.

Jumanne, 29 Novemba

Filamu moja imeungua kwa taa za lori lililopita. Nyingine imeingia maji. Ningekuwa mimi ningetukana. Yeye kaitundika ikauke, kaitazama pande zote, kasema sasa anajua paa linavuja wapi. Nimekwisha kuona watu wengi wenye subira ya kulazimishwa. Ya huyu si ya kulazimishwa. Ana furaha ndani yake.

Nimemwomba anifundishe kufungua kisanduku. Nimefanya mchana, macho wazi, kwa filamu iliyoharibika. Kisha nikafumba macho. Kuna kibati kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba huku ukivuta upande wa pili. Mara ya kwanza nimekata kidole. Jioni nimeweza.

Jumamosi, 3 Desemba

Tumeipata radi. Haifai kwa kazi yake. Imepiga kwa kulala, imejikunja kama mzizi, mistari yote imepandiana. Anahitaji iliyosimama wima.

Kacheka, kaniachia nakala.

Nimekaa nayo peke yangu. Niliogopa kuitazama, kisha sikuweza kuacha. Ina matawi madogo kuliko nywele. Yanatoka, yanatafuta njia, yanaachwa. Shina moja ndilo linalofika chini. Nimepiga picha za watu miaka yote hii na sijawahi kutoa kitu kizuri namna ile.

Nimejisikia msaliti. Nimeigeuza kifudifudi mezani. Baadaye nimeigeuza tena.

Ijumaa, 9 Desemba

Athumani kaja baada ya sala ya Ijumaa. Hakukaa. Msikitini wanaulizana kuhusu mimi na Mwalimu. Wanasema tunajifungia gizani. Nimemwambia Mama huwa ndani. Kasema watu hawamwoni Mama, wanaona mlango umefungwa. Kasema akimkuta mtu yule ndani ya chumba hicho tena atauvunja mlango, na kufuli ataweka yeye.

Alikuwa na machozi. Sikutegemea. Kasema jina la Hamisi liko kwenye kibao cha studio na watu wanalicheka. Nimemhurumia na nimemchukia kwa wakati mmoja.

Mwalimu naye amebaki na filamu chache. Mtambo si wake, ni wa chuo, unatakiwa Kampala kabla ya mwaka kwisha. Na mvua imekata. Jua kali siku zote hizi. Ng'ombe wanashuka ziwani Basotu kama kiangazi.

Jumanne, 13 Desemba

Hakuna wingu. Mwalimu kaja kuchukua dawa ya kusafishia kamera, kasimama nje barazani, hakuingia. Amesikia maneno ya watu. Kaomba radhi. Nikamwambia kosa si lake. Tumeongea tukiwa tumeachana hatua kama majirani waliogombana. Imeniuma.

Mama kamletea uji pale pale nje.

Alhamisi, 15 Desemba

Sijalala vizuri. Naandika yote ya jana.

Wingu lilikuja alasiri, jeusi, kutoka upande wa Bashay. Likakaa juu ya Hanang. Jioni likaanza. Sijawahi kusikia ngurumo zilizofuatana namna ile. Mama alifunika kioo. Mimi nilisimama katikati ya chumba sina la kufanya.

Isha haijaadhiniwa, mlango ukagongwa. Nimefungua. Gidamis. Kalowa mpaka shuka limemganda mwilini. Nikamwona kama nilivyomwona masika ile. Nilikaa chini pale pale mlangoni.

"Hajafa," kasema haraka. "Mwalimu hajafa, Zena. Inuka."

Radi ilipiga mti wa mgunga ulio nyuma ya ghala. Ikamtupa Mwalimu ukutani. Mkono umevunjika, sikio moja halisikii. Gidamis alimkuta kakaa kwenye maji, kisanduku cha filamu kakikumbatia ndani ya koti. Lori la mfanyabiashara wa ng'ombe lilikuwa linapita, likampeleka zahanati. Kabla hajapandishwa alimpa Gidamis kisanduku. Mpe Zena. Usikifungue. Asingoje, maji yameingia.

Kilikuwa na tone moja moja kwenye pembe. Filamu ikikauka ndani na unyevu ule inanatana, inakwisha. Nikasema basi, sasa hivi. Mama alikuwa keshachukua kigoda.

Giza. Dawa tayari, joto sawasawa. Vidole vikakitafuta kibati. Kikakataa. Nikavuta pumzi. Kikakubali. Filamu ikaja mkononi baridi kama samaki. Nikaizamisha, Mama akaanza tasbihi.

Ndipo mlango wa chumba cha giza ukapigwa kwa ngumi kutoka barazani.

Athumani. Mtu alikuwa amemwambia mwanamume ameingia kwangu usiku na mvua. Mtu huyo alimwona Gidamis akiingia, hakumwona akitoka, maana alitoka kwa uani kwenda zahanati. "Fungua! Najua yumo!" Mlango ule ni mbao nyepesi. Komeo likaanza kulegea. Mwanga kidogo tu ungeingia na filamu yote ingekuwa nyeusi.

Mikono yangu iko ndani ya dawa. Siwezi kuitoa.

Mama hakukatiza hesabu. Alisimama, nikasikia kigoda kikianguka, nikasikia mgongo wake ukigusa mlango. Akamaliza Subhanallah yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Athumani. Ni mimi mama yako nimeegemea mlango huu. Ukiusukuma unaniangusha mimi."

Ngumi zikakoma.

"Yumo nani humo, Mama?"

"Zena na mimi. Na radi. Kaa chini ungoje."

Akaendelea na tasbihi pale alipoachia. Sikuamini. Mvua juu ya bati, mwanawe anahema nje, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Namvulia kilemba mwanamke huyu. Nimeishi naye miaka yote hii kumbe sikumjua.

Dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili. Nikangoja zaidi ya inavyotakiwa, kwa woga. Kisha nikafungua mlango mwenyewe.

Athumani alikuwa kakaa sakafuni barazani, kanzu imelowa. Alichungulia. Alimwona mama yake, beseni, mimi. Hakuna mtu mwingine. Nikaiinua filamu mbele ya taa ya chemli.

Imesimama. Imenyooka kutoka wingu mpaka bega la mlima. Na pembeni yake mistari, mmoja mmoja, umejitenga na mwenzake, mikali kama imechorwa na kalamu.

Athumani akauliza ni nini. Nikamwambia: radi, imefunguliwa. Akaishika kwa kingo kama nilivyomwonyesha. Kaitazama muda mrefu. Akasema, "Ndiyo hii?" Nikajua anauliza nini. Nikamwambia ndiyo. Siyo ile ile, lakini ndiyo hii.

Akalia kwa sauti. Mama akamwacha alie.

Jumapili, 18 Desemba

Zahanati. Mkono umefungwa ubao na bendeji. Sikio bado. Nimemwekea filamu mbele ya dirisha. Mwalimu akasema kitu kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, kisha akacheka mpaka mkono ukamuuma.

Athumani ndiye aliyetupeleka. Kambebea Mwalimu maziwa. Wamesalimiana kwa adabu, kila mmoja anaona haya. Kwa pamoja wakaanza kuongea, kwa pamoja wakanyamaza. Basi likaisha hivyo.

Ijumaa, 23 Desemba

Mwalimu ametoka. Amekaa barazani kwetu na rula, kioo cha kukuzia na karatasi, anaandika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wanapita wanamwona. Athumani kakaa naye makusudi, waone.

Analinganisha mistari na filamu nyingine aliyoipiga kwa mwanga anaojua nguvu yake. Anasema haya ni makadirio ya jicho, kipimo cha kweli kitatoka maabara, na huenda kikabadilika. Amerudia hilo mara nyingi. Nampenda kwa kutotaka kutudanganya hata kidogo.

Alasiri kaweka rula chini.

Ni zaidi ya nyuzi elfu ishirini. Uso wa jua, kasema, haufiki elfu sita.

Kuku wakawa wanaparura chini ya baraza. Niliutazama mlima, hauna wingu, wa buluu tu. Juu ya bega lile, kwa kufumba na kufumbua, palikuwa na kitu chenye joto kushinda jua, na kimeishi kwenye beseni langu.

Mama macho yake yana ukungu, mistari haioni. Mwalimu kaichora upya kwenye karatasi, minene, kwa makaa. Kamshika kidole kakipitisha juu ya kila mmoja. Huu ni wa haidrojeni, inatoka kwenye maji ya mvua. Hii yote ni ya naitrojeni.

"Naitrojeni ni nini?"

"Hewa, Mama. Hii hii tunayovuta."

"Basi radi ni hewa?"

"Hewa iliyopata joto mpaka ikang'aa. Hakuna kingine ndani yake."

Mama kavuta pumzi, kaitoa taratibu, kama anaionja.

Nikauliza nililokuwa nalo tangu masika. Sikupanga. Nimeuliza tu: Hamisi aliumia?

Mwalimu hakukimbilia kujibu. Kasema mtambo wake unapima radi, haupimi mtu, na hawezi kuapa. Lakini radi huanza na kwisha kabla mwili haujapeleka habari kichwani. Yeye ilimpiga pembeni tu, na hakuiona wala kuisikia. Anakumbuka amekaa kwenye maji, basi.

"Nadhani hakujua, Dada Zena. Nadhani alikuwa anaendesha baiskeli."

Nimekwenda uani. Nimelia, lakini si kilio cha zamani. Alikuwa anaendesha baiskeli. Naweza kuishi na hilo.

Jumanne, 27 Desemba

Mwalimu ameondoka na basi la Arusha, mtambo umefungwa kwa mablanketi. Filamu kaibeba kifuani. Kasema akiandika matokeo yake atataja chumba cha giza cha Katesh na waliokuwa ndani yake, majina yote mawili. Mama kasema lake aliandike sawasawa, Mwajuma, si Mariamu kama karani wa kodi alivyoandika.

Kamwinamia, kampa shikamoo ya kuaga. Gidamis kampandishia mizigo. Vumbi. Halafu barabara tupu.

Nimehisi upweke. Nimehisi pia kwamba nimewahi kusimama karibu na jambo kubwa.

Jumatano, 4 Januari 1961

Manyunyu tangu alfajiri. Wateja wachache. Familia moja ya Basotu, baba, mama na watoto waliopakwa mafuta wakameremeta. Mtoto mdogo hakutulia, atatoka na vichwa viwili. Nimewaambia warudi kesho.

Athumani kaleta mahindi mabichi. Tumechoma, tumekula, kaenda zake dukani kwake.

Mchana Mama kaniomba nimfundishe kuchanganya dawa. Siyo kukaa na tasbihi tu. Anataka kuitikisa filamu mwenyewe. Nimemwambia, kwa upole, Mama, macho yako.

Kasema, "Gizani macho ya nini?"

Nimemfunga aproni, nimemwekea mikono ndani ya beseni la maji kwanza, ajue kingo zake ziko wapi. Mikono yake ni mizito, haina haraka. Nikafunga mlango.